Usivute Tumbo

Kila anayesimama mbele ya utepe wangu wa kupimia huvuta tumbo ndani. Mwembamba, mnene, bibi harusi, mzee anayeshonesha kanzu ya Idi, wote. Nimekuwa fundi cherehani hapa Magomeni tangu ujana wangu, na bado sijampata mteja aliyetulia tu akaniacha nipime kilichopo. Kwa hiyo nikishachukua kipimo cha kwanza huwa naanzisha mazungumzo, nauliza habari za watoto, bei ya nyanya, mvua. Mteja akijisahau tumbo linarudi mahali pake, nami napima tena kimyakimya. Kipimo hicho cha pili ndicho ninachokatia kitambaa.

Mimi mwenyewe ni mnene, na si unene wa kutafuta. Daktari aliponiambia presha imeanza kupanda na goti la kulia limechoka kunibeba, aliniandikia dawa na akanisisitizia mazoezi. Dawa nilianza usiku uleule. Mazoezi yalisubiri miezi, ingawa jimu iko mtaa wa nyuma tu na muziki wake unafika hadi dukani kwangu. Vyuma sikuviogopa. Nilichoogopa ni mlango: niingie, watu wageuke, halafu nisimame pale katikati nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Kwetu unene una mambo yake. Ukirudi safari umeongezeka, mashoga wanakupokea kwa vifijo: umenawiri, umependeza, mwili haujengwi kwa matofali. Ukipungua, wanaanza kuulizana habari zako kwa sauti ya chini. Lakini mwili huohuo uliosifiwa Jumamosi kwenye shughuli, ukiuvalisha raba na taiti Jumatatu asubuhi, umeshakuwa kichekesho cha barabara nzima. Vijana wa bodaboda ndio mabingwa. “Mama, nani anakufukuza?” Ndivyo wanavyosema, na wanacheka bila hata ubaya moyoni, jambo linaloudhi zaidi.

Mwanangu wa kike, anayesoma chuo, alinisimulia utafiti mmoja ili kunitia moyo. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao. Kila mara walimvalisha mwanafunzi mmoja fulana yenye picha kubwa ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wale wangeona haya kumvaa kifuani, kisha wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Baadaye aliulizwa ni wangapi walioiona ile picha. Waliovaa walikadiria kama nusu ya waliokuwamo. Walioiona kweli walikuwa kama robo tu. Yaani tunajidhania tuko kwenye mwanga wa jukwaa wakati wengi waliopo wana mambo yao.

Nililipenda jaribio hilo, lakini nusunusu. Cornell si Magomeni. Huku watu wanatazama, na wakishatazama wanasema. Mtu anayemwambia mwanamke mnene kwamba hakuna anayemwona hamsaidii, maana akitoka nje hatua tatu atapata ushahidi wa kinyume. Na hata ndani ya hizo jimu si kila mtu ana adabu. Pahali pa kwanza nilipokwenda kuuliza bei, kijana wa mapokezi alinipandisha na kunishusha kwa macho akaniambia ni vizuri nikapunguza kwanza nyumbani, ndipo nije. Nikamuuliza kama na hospitali siku hizi mgonjwa anatakiwa apone kwanza ndipo apokelewe. Nikaondoka na hela yangu.

Basi nikajikaza kisabuni nikaenda hii ya mtaa wa nyuma, ambayo siku zote nilidhani ni ya mabaunsa peke yao. Ni banda la mabati lenye sakafu ya saruji na mipira myeusi iliyotandikwa chini. Uzito mwingine ni wa dukani, mwingine ni gia za malori zilizotiwa kwenye bomba la chuma, na kuna makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mashine za umeme ni chache, na mbili zinafanya kazi. Kijana mwenye mabega ya kutisha aliacha chuma chake chini, akanyoosha mgongo, akasema, “Shikamoo mama.”

“Marahaba, hujambo?”

“Sijambo. Mama una presha au sukari? Kuna dawa unatumia?”

Hakuniuliza kilo. Aliniuliza dawa, goti, na mara ya mwisho nimetembea mwendo gani bila kupumzika. Nilijua palepale kwamba huyu ndiye kocha wangu. Mkufunzi asiyeuliza habari za presha kabla hajakupa zoezi, usimpe mwili wako, hata kama jimu yake ina kiyoyozi.

Kilichonishangaza kilikuwa kwenye kioo. Ukuta mzima wa lile banda ni vioo, na nilikuwa nimevihofia kuliko kitu kingine chochote. Nilipoinua macho nikaona wote wamesimama mbele ya vioo wanajitazama wenyewe. Huyu anakagua mkono, yule anageuza mgongo, mwingine anavuta fulana ilale vizuri. Na kila mmoja, nakuapia, alikuwa amevuta tumbo. Jicho langu la kazi haliwezi kukosea hapo. Waliokuwa wakinitisha walikuwa wateja wangu.

Tangu siku ile naamini aibu ya jimu, sehemu yake kubwa, ni aibu ya ugeni. Unene unaipa tu kisingizio. Nimeona kijana mwembamba akiingia mara ya kwanza: anasimama kando ya mashine, anatoa simu, anajifanya anasoma ujumbe, anasubiri mwingine aitumie ili aige. Ni mimi yule. Kwa hiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi haraka ni kufundishwa mambo mawili matatu hadi uyajue vizuri, ili ukiingia ujue unakwenda wapi. Mtu mwenye kazi mkononi hana muda wa kuhesabu macho ya watu.

La kwanza nililofundishwa ni mashine ya kukimbilia. Usiipande ikiwa inazunguka. Simama kwenye kingo mbili za pembeni, iwashe, iache kwenye mwendo wa kilomita tatu kwa saa au chini ya hapo, ndipo ukanyage mkanda. Mbele yako kuna kamba fupi yenye kibanio: ibane kwenye fulana. Ukiteleza, kamba inachomoka na mashine inasimama yenyewe. Nimewaona watu wa miaka mingi pale jimu wasiojua ile kamba ni ya nini. Halafu mashine nyingi zina kibandiko kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa. Uliza, usione haya, ni swali la ufundi tu.

Na ukiiona mashine hiyo ni mateso, hujakosea sana. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza, William Cubitt, alibuni babu wa mashine hii, gurudumu la ngazi kwa ajili ya magereza, wafungwa walikanyage kwa saa nyingi bila kufika popote. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoiondoa adhabu ile Uingereza. Sisi sasa tunailipia.

Jambo la pili lilikuwa pumzi. Nilikuwa natembea huku nimebana tumbo, kwa mazoea tu, na ndani ya dakika chache nikawa natweta. Kocha akacheka: “Mama, liachie tumbo. Mapafu yatakaa wapi?” Ni kweli, msuli unaovuta hewa uko chini ya mapafu, na ukishuka lazima tumbo lisogee mbele kuupisha. Kwenye kunyanyua ndiko kwenye hatari zaidi. Ukibana pumzi na kusukuma, presha inapanda ghafla. Toa hewa unaposukuma, vuta unaporudisha. Kwa mwenye presha kama mimi hilo si pambo.

Nilidhani pia jasho langu na kuhema kwangu ni dalili ya udhaifu. Kocha akanieleza kwamba mwili mzito hufanya kazi kubwa zaidi kwa hatua ileile. Mimi na msichana wa kilo hamsini tukitembea sambamba kwa mwendo mmoja, mimi ndiye ninayechoma nguvu nyingi. Kisha akanikalisha kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu. Aliweka uzito mdogo, nikausukuma bila kujua nimesukuma. Akaongeza. Akaongeza tena. Mmoja wa wale vijana wa vioo akachomoa kisikilizio kimoja sikioni, akaja kusoma namba. Miguu iliyobeba mwili huu sokoni, ngazini na kwenye daladala kwa miaka yote hiyo haikuwa imelala, ilikuwa mazoezini. Yule kijana akaniita “mama nguvu”, na jina limebaki. Sikatai.

Sasa nije kwenye nguo, maana hapa ndipo ninapolijua jambo kwa vidole vyangu. Wanene wengi huvaa fulana kubwa la pamba na suruali ya zamani ya nyumbani, wakidhani wanajificha. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Baada ya nusu saa fulana ni zito, limekugandia, na linaonyesha kila ulichotaka lisionyeshe. Kitambaa cha jezi kinakauka haraka. Suruali nazo hupasuka palepale kila siku, katikati ya mapaja, kwa sababu mishono minne inakutana kwenye nukta moja na ukichuchumaa uzito wote unavutia hapo. Mimi naifumua nukta hiyo na kutia kipande chenye umbo la almasi, upana wa kiganja. Mivuto inagawanyika pembe nne, mshono hauko tena mahali pa kusuguana, na unachuchumaa bila kusikiliza kama kuna kitu kimechanika. Lastiki ya kiunoni iwe pana, nyembamba hujikunja na kukata. Mapajani paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka nyumbani, michubuko imewarudisha nyumbani wengi kuliko maneno ya watu. Sidiria inayoshika sawasawa ni ghali kidogo. Nunua hiyo, hata kama raba ni za mtumba.

Saa nazo zina maana. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku jimu imefurika. Saa nne asubuhi unasikia feni. Mimi na wifi yangu tulianza saa hizo za utulivu, na wifi ni mtu wa maneno, anayenitazama vibaya anaulizwa kama ana la kununua. Jimu nyingine hutenga muda wa wanawake peke yao, na anayejisitiri kwa hijabu apeleleze hilo mapema. Jambo linalonikera bado ni simu. Vijana wanajirekodi, na nyuma yao unatokea wewe umeinama. Nilimfuata mmoja nikamwambia, “Mwanangu, mimi nisiwemo humo.” Alifuta mbele yangu, akaomba radhi. Ukisema kwa upole na kwa uso mkavu wengi wanaelewa.

Wala si lazima ukae humo nusu siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea ukiyafanya lakini kuimba huwezi, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba zoezi lisipofika dakika kumi mfululizo halihesabiki. Dakika sita za kupanda na kushuka ngazi zinaingia kwenye hesabu. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, hapo unaacha na unakwenda hospitali, siku hiyohiyo.

Watu wananiuliza nimepungua kilo ngapi. Kidogo, na mizani yenyewe ina vipindi vyake vya kununa. Lakini presha imeshuka, na daktari hakushangaa, maana mazoezi husaidia presha na sukari hata pale mizani inapokataa kusogea. Goti nalo limepata nafuu, na watafiti wa magoti wamepima wakakuta kilo moja ikipungua mwilini, mzigo juu ya goti hupungua kama kilo nne kwa kila hatua. Kwenye utepe wangu kiuno kimerudi nyuma. Nilijipima mara mbili, kwa utaratibu wa wateja.

Bado nina dai moja. Mlangoni pa jimu yetu pa kukaa ni kistuli cha plastiki, na mtu wa kilo zangu hakiamini, kwa hiyo nafunga kamba za raba nimeegemea ukuta kwa mguu mmoja, mbele ya kila apitaye. Mwanzoni hilo lilikuwa kero kubwa kuliko vioo vyote. Nimemwomba mwenye jimu atuwekee benchi la mbao, pana, la kukaa watu wawili wa kweli. Amekubali bila ubishi, akaniambia mama usijali, Ijumaa litakuwapo. Mimi ni fundi cherehani. Hizo Ijumaa nazijua.