Bega linalouma: sindano ya damu au mazoezi?



Jumapili moja hapa Gasenyi, baada ya mkutano, mwenzetu mmoja mchukuzi wa magunia ya kahawa alituvuta pembeni. Bega la kulia linamuuma mwaka wa pili sasa, usiku hawezi kulilalia. Ameambiwa kuwa nje ya nchi kuna sindano ya kufufua bega, naye amekwisha kutafuta mnunuzi wa shamba lake. Tulimwomba asubiri. Tuliyomweleza ni haya.

Ndani ya bega kuna kano, yaani kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa. Mizigo ya kila siku huzichakaza, na kwa kuwa hazipati damu nyingi, hupona polepole sana.

Sindano zinazosifiwa ni za namna mbili. Kwanza ni ile ya damu yako mwenyewe. Hutolewa mkononi, huzungushwa kwa kasi katika mashine mpaka chembe za kugandisha damu zikusanyike, kisha hizo hudungwa begani. Si uchawi, wala si uongo mtupu. Lakini mwaka 2013 madaktari wa Uturuki walitoa matokeo ya wagonjwa 40: nusu walidungwa chembe hizo, nusu maji ya chumvi, wala hawakujua nani kapata nini. Wote walifanya mazoezi. Mwaka ulipokwisha, hawakupitana. Majaribio mengine yalionyesha nafuu kidogo, mengine hapana. Je, hicho ndicho cha kuuzia shamba?

Namna ya pili ni ya seli shina, zinazosemwa kuwa huotesha nyama mpya. Hapo kaeni mbali. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 waliingiwa na bakteria baada ya kudungwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya kitovu cha watoto wachanga.

Na kotizoni, ambayo wengi wetu tumekwisha kuidungwa? Uingereza ilijaribu kwa watu 708, matokeo yakatoka mwaka 2021. Sindano ilituliza kidogo wiki za mwanzo. Baada ya mwaka haikuonekana faida. Jambo lililotufurahisha ni jingine: waliofundishwa mazoezi mara moja tu, wakaenda kuyafanya nyumbani, walilingana na walioitwa hadi mara sita. Basi maskini naye ana njia. Mwombe mtaalamu wa viungo akufundishe siku moja. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kikifungwa kwenye nguzo, chatosha kuvutia mkono. Fanya kila siku, miezi mitatu, usikate tamaa wiki ya pili.

Lakini mazoezi ya jioni hayatashinda magunia ya asubuhi. Gunia la kahawa lina kilo 60. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa mwanamume mmoja upunguzwe usizidi kilo 55. Hili tulipeleke kwa mwajiri sote pamoja: mikokoteni, watu wawili kwa gunia, kupokezana kazi. Mwenye bega bovu akienda peke yake ataambiwa apishe wengine.

Aliyeanguka na mzigo, mkono ukakataa kuinuka siku hiyo hiyo, asianze mazoezi. Aende hospitali upesi, na ajali iandikwe ipelekwe INSS.