Barabara Ndani ya Meli

Silja Serenade hung'oa nanga Helsinki jioni, na abiria wake hushuka Stockholm kesho yake asubuhi. Muda wote huo mtu hana pa kwenda ila pale mbunifu alipomwekea. Ndiyo maana sebule za feri za Ulaya hunivutia kuliko za hoteli: mgeni wa hoteli akichoshwa na ukumbi hutoka nje.

Ukishapita mlango wa kupandia unajiandaa kukuta korido nyembamba na dari la kugusa kwa mkono. Mara unatokea barabarani. Ni barabara hasa, ya mita 142, katika meli ambayo yote ina mita 203. Chini kuna mikahawa na maduka huku na huku. Juu nafasi iko wazi sitaha baada ya sitaha, na kuta zake zina madirisha ya kabini. Mtu aliyelala ghorofani huchungulia watu wakinywa kahawa, kama anayeishi juu ya mtaa wa mjini.

Meli hiyo ilijengwa Turku, Finland, ikaanza kazi mwaka 1990, na pacha wake, Silja Symphony, akafuata mwaka 1991. Fikra ya barabara ile ilizaliwa na tatizo la upana. Meli yenye zaidi ya mita 31 kutoka ubavu hadi ubavu haiwezi kumpa kila mtu dirisha la bahari. Kabini za kati hubaki visanduku visivyo na mchana wala usiku. Ukiipasua meli katikati, kabini hizo nazo hupata dirisha. Bei yake ni nafasi kubwa ambayo ingeuzwa kama vitanda, na kwangu mimi hiyo ni bei halali, kwa sababu barabara inatoa kitu cha pili kilicho kikubwa zaidi: abiria anajua alipo. Akipotea kwenye vijia vya kabini, akiifikia barabara tu, amejipata.

Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka uleule Serenade ilipoanza kazi. Usiku wa Aprili 7, 1990, Scandinavian Star ilikuwa safarini kutoka Oslo kwenda Frederikshavn, Denmark, moto ulipozuka kwenye korido za kabini. Walikufa watu 159. Wengi waliuawa na moshi. Kuta zilifunikwa kwa bamba la melamini, lile gumu lenye rangi nzuri na rahisi kufuta, na lilipoungua lilitoa gesi ya sianidi. Watu walitoka vyumbani gizani, ndani ya meli wasiyoijua, wakitafuta ngazi. Baada ya hapo sheria za kimataifa za usalama wa meli zilikazwa, hata kwa meli kuukuu: vinyunyizio vya maji darini, vitambuzi vya moshi, na taa za chini zinazofuata ukingo wa sakafu, kwa kuwa moshi hutanda juu na mwenye kujiokoa hutambaa.

Kwa hiyo unapouona ukuta wa mbao ndani ya feri ya leo, ugonge kidogo. Mara nyingi ni mabati mawili membamba yenye sufi ya mawe katikati, na sura ya mbao ni ngozi tu juu yake. Ukuta huo hauwaki, na ni mwepesi. Wepesi nao ni lazima: kumbi zipo juu, magari yapo chini, na kila kilo unayoipandisha juu hupunguza uthabiti wa chombo. Mbunifu anayetaka sakafu ya marumaru hana budi kwanza kumsikiliza mhandisi wa mizani.

Kisha kuna mrama. Ukumbi wa omo una mandhari bora kuliko yote, lakini omo ndiko chombo kinakopanda na kushuka sana. Anayechafukwa na bahari hupata nafuu akikaa katikati, chini. Kelele nazo zina ramani yake. Finnjet ya mwaka 1977, iliyokimbia kati ya Helsinki na Travemünde kwa mitambo ya gesi, iliweka kabini mbele na kumbi nyuma, ili anayelala asitetemeshwe na anayecheza muziki.

Safari fupi hutaka mengine. Ulysses ya mwaka 2001, inayovuka kutoka Dublin hadi Holyhead kwa saa tatu na ushei, inahitaji viti vingi kuliko vitanda. Imebeba jina la riwaya ya James Joyce, na baa yake ikaitwa kwa jina la mhusika mkuu, Leopold Bloom. Napenda mpango huo. Familia ikitawanyika, kuambiana “tukutane kwa Bloom” ni rahisi kuliko kuhesabu sitaha.

Turku haikuiacha barabara yake. Mwaka 1999 ilitoa Voyager of the Seas, meli ya matembezi yenye mtaa kama ule katikati. Mwaka 2004 ikatoa Color Fantasy, feri ya kwenda Kiel, Ujerumani, yenye barabara ya mita 160. Bandari inayoondokea ni Oslo, ileile ya Scandinavian Star.