Mbuzi wa Kihispania aliyemfundisha mwanangu Kirundi

Ukivuka kutoka Kabanga, upande wa Ngara, ukaingia Kobero, lugha haikusumbui. Kiswahili kinatosha kuuza, kununua, kubadilisha fedha na hata kugombana na wapakia mizigo. Shida huanza pale unapoiacha barabara ukapanda kilimani kwa wazee. Huko ndiko mwanangu alikoitwa bubu.

Tulirudi Burundi mwaka 2019. Mtoto alikuwa na miaka 8, mzaliwa wa Houston katika jimbo la Texas, ambako mimi na mume wangu tulipelekwa mwaka 2007 pamoja na Warundi wengine kutoka kambi za Tanzania. Kiingereza alikuwa nacho, Kiswahili chetu cha nyumbani alikielewa, ila Kirundi hakuwa na hata neno. Naye mama mkwe wangu, ambaye vita vyote vilipita yeye akiwa palepale shambani kwake, hajui lugha nyingine. Siku ya kwanza alimkumbatia mjukuu wake, akamsemesha kwa muda mrefu, na mtoto akabaki kunitazama mimi. Jioni bibi aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto huyu ni mzima.

Shuleni walimrudisha darasa la kwanza, akakaa dawati moja na watoto wa miaka 6. Kwa hasira nikanunua daftari, nikawa namwandikia maneno 20 kila usiku, na fimbo iko mezani. Nayasema haya bila fahari. Baada ya miezi miwili aliweza kuyaandika yote, lakini akikutana na bibi yake ulimi unagoma.

Ndipo nikamkumbuka yule mbuzi.

Kule Houston nilifanya usafi katika shule ya chekechea. Asubuhi mara tatu kwa wiki alikuja mama mmoja wa Kimeksiko kuwafundisha watoto Kihispania, na wengi wao hawakuwa na lugha hiyo nyumbani. Hakuleta kitabu. Alileta mfuko, na ndani yake mbuzi wa kitambaa, kofia na viatu vya mtoto mchanga. Kwanza aliwaamuru: simama, kaa, ruka, kimbia, na yeye mwenyewe akiruka pamoja nao. Kisha akaanza hadithi. Kuna mbuzi. Mbuzi anataka viatu. Je, mbuzi anataka viatu? Anataka. Anataka kofia? Hataki! Anataka viatu au kofia? Nani anataka viatu? Mwalimu? Hapana, mbuzi!

Hadithi yenyewe haikuwa na maneno mapya zaidi ya matatu, cabra, quiere na zapatos, lakini kwa maswali yale kila neno lilisikika mara nyingi hata mimi mwenye ufagio nikalishika. Mtoto mmoja akawa mbuzi, mwingine muuza viatu, na mbuzi akazunguka darasa zima akikosa viatu vya kumtosha miguu minne. Hakuna aliyelazimishwa kusema. Walioogopa walijibu kwa kichwa tu, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja wakaropoka wenyewe.

Baadaye nilielezwa kwamba mtindo huo haukuzuka hivihivi. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia James Asher wa California alianza kueleza jinsi mtu anavyoshika lugha kwa kutii amri kwa mwili kabla ya kuisema, kama mtoto mchanga anavyofanya. Mwalimu wa Kihispania wa jimbo hilohilo, Blaine Ray, akaongeza hadithi na maswali juu yake.

Kwa sisi Waswahili Kihispania kina tamu yake. Irabu ni zetu zilezile tano. Meza ni mesa, bendera ni bandera, na viatu, zapatos, vinafanana na sapatu ya wazee wa pwani. Wareno ndio waliotuachia maneno hayo, na lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Sukari nayo ni azúcar, kwa kuwa sisi na Wahispania tumeichukua kwa Waarabu. Kihispania cha sokoni nilikipata mapema kuliko Kiingereza cha ofisini, na si kwa sababu ya akili nyingi.

Basi nikalifungia lile daftari. Nilishona mbuzi kwa kipande cha kitenge kilichobaki dukani, nikamwita kwa Kirundi, impene, na viatu vyake ibirato. Jioni tulimtembeza nyumba nzima. Watoto wa jirani walisikia vicheko wakaja, na kwa kuwa wao Kirundi ni chao, wakawa ndio wauza viatu. Tukafungua duka la mawe na majani, mwanangu akauliza bei, akadanganywa, akakasirika kwa Kirundi. Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Mzazi mmoja mfanyabiashara mwenzangu aliniambia kwamba hatumi mwanawe kwangu akacheze, michezo anayo kwake. Simlaumu, nami niliwahi kuamini kwamba mtoto anayecheka hajifunzi. Tena mtindo huu una mipaka yake. Kuandika haukumfundisha, na Kifaransa cha shule kilimsumbua bado. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsubiri kila mtoto aropoke kwa wakati wake. Inahitaji pia mtu mzima asiyeona haya kulia kama mbuzi mbele ya majirani.

Mwezi wa tano tulipanda kwa bibi na mbuzi wetu mfukoni. Mwanangu akamweka mkekani, akaanza hadithi mwenyewe. Alipofika kwenye duka la viatu akakosea neno, na bibi akamsahihisha palepale, kwa ukali kidogo. Kisha bibi akamnyang'anya mbuzi, akavuta kigoda karibu, na kumwambia kwamba mbuzi huyo hakupitia njia hiyo.