Mchikichi Kwenye Baridi: Kwa Nini Unachelewa Kuzaa

(Muziki wa kufungua unaingia, kisha unapungua)

 

Wengi wetu tumetoka kando ya Ziwa Tanganyika: Rumonge, Baraka, Fizi, Uvira. Kule mchikichi huota hata pale ngazi ilipodondoka tu. Huku kwenye miinuko ya Kasulu mtu anapanda, anapalilia, mwaka wa nne unaingia, na mti bado unatoa makuti matupu. Maneno yanaanza: mti umerogwa, jirani ana jicho baya. Kabla hujagombana na jirani, sikiliza kwanza kazi ya baridi.

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kasulu uko juu ya mita 1,200. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hiyo huku kuna baridi kuliko ziwani kwa karibu nyuzi 3. Kwako wewe ni kuongeza shuka. Kwa mchikichi ni jambo kubwa, kwa sababu hustawi vizuri penye joto la nyuzi 24 hadi 28, na likishuka mpaka 15 mche karibu unasimama kabisa kukua.

Sasa angalia mti wenyewe. Kila kuti lina nafasi moja ya ua kwenye kwapa lake. Penye joto na mvua ya kutosha, mti mkubwa hutoa makuti kama mawili kwa mwezi. Baridi ikipunguza makuti, inapunguza maua, na mikungu pia. Tena ua huamuliwa kuwa dume au jike miaka miwili hivi au zaidi kabla ya mkungu kuiva. Mti ukiteseka kwa ukame, au ukikatwa makuti mabichi, hutoa maua dume mengi, na dume halizai ngazi. Shida ya mwaka juzi ndiyo unayoiona leo. Hakuna uchawi hapo.

(Muziki mfupi)

Je, tufanye nini?

Kwanza, mahali. Hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka kama maji na kulala bondeni. Panda kwenye mteremko unaopata jua la asubuhi, pasipo na upepo mkali. Usipande chini ya migomba wala miti mingine, mchikichi unataka jua la wazi.

Pili, wakati. Mche ukae kwenye kiriba kama mwaka mmoja, kisha uhamishwe mvua zinapoanza, mwezi wa 10 au wa 11. Hapo mizizi itakuwa imeshika ardhi kabla ya kiangazi na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Weka matandazo ya nyasi kuzunguka mche, lakini yasiguse shina.

Tatu, usikate makuti mabichi kwa ajili ya kuezeka au ufagio. Kuti ndilo jiko la mti. Kata yaliyokauka tu.

Nne, mbegu. Aina ya tenera, yenye nyama nyingi na kokwa jembamba, hupatikana kwa kuchanganya dura na pisifera. Ukiokota ngazi chini ya tenera ukapanda, hata robo ya miche inaweza kuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai. Utaijua umeshapoteza miaka. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, mkoani Kigoma, huzalisha miche ya tenera. Watafiti pia walichukua mbegu za michikichi ya miinuko ya Bamenda, Kamerun, na ya huku Kigoma, wakapata aina zinazovumilia baridi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji mche umetoka wapi. Ukisikia kwamba kuna miti ya jamii hii inayoota nje hata Uingereza, ni kweli. Ule umetoka milima ya China na unavumilia theluji, lakini hautoi mawese.

Tano, nafasi. Mchikichi na mwenzake huachana mita 9. Kama kiwanja chako kinatosha mchicha na matembele tu, mti mmoja utachukua jua lote na watoto watakosa mboga. Afadhali mjiunge kikundi, muombe ruhusa kwa kiongozi wa kijiji au zoni, mpande pembezoni kwa pamoja. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, nani atavuna kama mmoja wenu atarudi nyumbani au kuhamishiwa nchi nyingine.

Ziwani mkungu wa kwanza huja mwaka wa tatu au wa nne. Huku juu, ongeza mwaka mmoja au zaidi. Kama huna uhakika wa kukaa muda huo, pesa ya mche nunulia mbegu za mboga, utakula ndani ya mwezi mmoja. Kama unao, panda na uvumilie.

Una swali? Liandike, ulilete kwenye dawati letu. 

(Muziki wa kufunga)