Shamba la kijijini: muhtasari kwanza, hela baadaye

Mparachichi wa Hass huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ukifuatilia migogoro ya mashamba, utaona kwamba na wadai nao hupenda kujitokeza kipindi hicho hicho. Shamba likiwa pori hakuna anayelitaka. Likishachimbwa kisima na miti ikianza kubeba, ndugu wa muuzaji wanakumbuka kwamba babu hakuwahi kuligawa.

Kwa hiyo leo tuweke mbolea na viuatilifu pembeni. Maswali mengi mnayonitumia siku hizi ni ya kununua na kuuza mashamba. Mimi ni bwana shamba, si wakili, na penye kesi au hela nyingi wakili mtafute. Lakini haya ya msingi kila kijana anayelima kibiashara ayajue kabla hajatoa hata shilingi.

"Bwana shamba, mwenyekiti amesaini na kugonga muhuri. Si inatosha?"

Haitoshi, na hili ndilo swali ninalotaka tukae nalo zaidi ya mengine yote.

Hapa Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Mashamba mengi mnayoyatafuta yako kwenye ardhi ya kijiji, na huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Msimamizi wa ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji, ambayo ina wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti ni mmoja wao, na mtendaji wa kijiji ni katibu wao. Uhamisho wa shamba unapelekwa kwenye kikao chao, unajadiliwa, unakubaliwa au unakataliwa, na uamuzi unaandikwa kwenye muhtasari.

Muhtasari huo ndio karatasi yako ya kwanza. Muhuri uliogongwa nyumbani kwa mwenyekiti jioni, mbele ya dalali na soda mbili, hauna nguvu hiyo. Na hii si nadharia. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila kibali cha kijiji ni batili. Batili maana yake ni kwamba hakukuwa na mauziano. Unaweza kuhangaika kudai hela yako kwa muuzaji, lakini shamba hulipati. Kama wewe si mwanakijiji, umetoka mjini na mtaji wako, ndiyo kabisa huna njia ya kuikwepa halmashauri.

Sasa fanya hivi: muuzaji aandike barua ya kuomba kuuza, wewe uandike ya kuomba kununua ukieleza unataka kulima nini. Zote zipite kwa mtendaji. Kikao kikishakaa, omba nakala ya muhtasari yenye tarehe, majina ya waliohudhuria, jina la muuzaji, lako, ukubwa wa shamba na majirani wa pande zote nne. Ukiambiwa "kikao kitakaa tu, wewe lipa kwanza," subiri. Msimu mmoja wa kusubiri ni bei rahisi kuliko ekari tano zenye kesi. Na kama unatozwa mchango wowote kijijini, dai risiti ya serikali. Hela isiyo na risiti imeingia mfukoni kwa mtu.

"Mkataba umeandaliwa na wakili. Bado kuna shida?"

Inaweza kuwepo. Wakili akishuhudia saini, ameshuhudia kwamba watu hawa wawili wamesaini mbele yake. Hajaenda shambani kuuliza shamba ni la nani, labda umemlipa afanye hivyo. Kazi hiyo ni yako: ongea na majirani wote wa mpakani, peke yako, dalali akiwa hayupo. Waulize shamba lilipatikanaje na nani alikuwa analima misimu mitatu iliyopita. Jirani asiyetaka kusaini kama shahidi wa mpaka ana sababu, itafute.

Wenye hatimiliki ya kimila wana unafuu, maana daftari liko kijijini na wilayani. Nenda na jina la mwenye hati, ukahakikishe linafanana na la anayekuuzia. Kama shamba limepimwa na lina hati ya kawaida, ile ya miaka 33, 66 au 99, basi habari ni nyingine: unafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, ujue kama lina mkopo wa benki au zuio la mahakama. Halafu kuna fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, ambazo hapo wakili anastahili hela yake.

"Mzee amefariki, watoto wote wamekubali kuuza."

Kukubali kwao hakuwapi mamlaka. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, atakuwa na Fomu Namba IV. Hana? Wakafungue mirathi kwanza. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi, hata kama kina saini ishirini na picha ya pamoja.

Na mke? Usinunue shamba la familia bila mwenza wa muuzaji kutoa ridhaa kwa maandishi, awe mke au mume. Kama wake ni wawili, wawili. Wapo wanaoona haya kuuliza. Uliza.

"Nimelikodi miaka sita, mwenyewe hajawahi kuja. Si limeshakuwa langu?"

Hapana. Miaka 12 mnayoisikia ni muda wa mwenye ardhi kufungua madai dhidi ya aliyemvamia. Wewe uliingia kwa ruhusa yake, na aliyeingia kwa ruhusa haigeuzi ruhusa kuwa umiliki kwa kukaa tu. Kama unalitaka, mtafute mwenyewe mkubaliane bei.

"Nikiuza mimi, TRA inanidai?"

Inategemea. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Tuseme ulinunua kwa milioni 12, ukatumia milioni 6 kwenye kisima na uzio, umeuza milioni 25. Faida ni milioni 7, kodi ni laki saba. Ila hiyo milioni 6 uithibitishe kwa risiti, kwa hiyo acheni kutupa risiti za fundi. Shamba lenye thamani ya soko chini ya milioni 10, ambalo limelimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, sheria ya kodi imelisamehe. Kisheria kodi hii ni ya muuzaji. Wauzaji wengi humsukumia mnunuzi, basi mkataba useme wazi nani analipa.

Kabla hujafika huko kote, kuna mambo mawili ya shambani ambayo vijana wa bustani mnayaruka. Kwanza mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukiuziwa ekari mbili zilizobanana na maji, pima uone zinabaki ngapi za kulima kihalali. Na mashine ya kuvuta maji inahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwa hiyo muulize muuzaji kama anacho.

Pili, vipimo. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Za nani? Mtu mwenye hatua ya sentimeta 75 anakupa mita za mraba 2,756, wakati ekari kamili ni kama 4,047. Hapo umelipia ekari moja, umepewa theluthi mbili. Zunguka mpaka mzima na simu yenye GPS, muuzaji na majirani wakiwepo, na namba utakayoipata ndiyo iandikwe kwenye ombi linalokwenda kikaoni.