Gemu ya Kushusha na Bei ya Bando

Mwenye kibanda cha gemu pale Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, akitaka toleo jipya la mchezo wa mpira ana njia mbili: aagize diski, au aishushe gemu kwa intaneti. Ungetegemea ya kushusha iwe nafuu, maana haina kasha, haina lori, wala haina duka la kulipiwa pango. Wapi! Gemu kubwa za PS5 huuzwa dola 70 za Marekani, uwe umeshusha au umenunua kasha.

Kunakili gemu karibu hakugharimu kitu, lakini bei haipangwi kwa gharama hiyo. Duka la mtandaoni nalo hukata chake. Steam kwa kawaida huchukua asilimia 30. Watengenezaji pia hawataki kuwaudhi wenye maduka wanaowauzia mashine. PS5 isiyo na tundu la diski ilitoka Novemba 2020 kwa dola 399, pungufu ya dola 100 kuliko yenye tundu. Kwa maoni yangu punguzo lile ni chambo: ukishainunua, duka lako limebaki moja tu. Nintendo walikwenda kinyume na mtindo wa bei moja mwaka 2025, Mario Kart World ikauzwa Uingereza pauni 66.99 kwa kushusha na 74.99 kwa kasha.

Ila hizo ni hesabu za watu wenye intaneti isiyopimwa. Huku kwetu tunanunua bando. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka bei ya MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Gemu ya GB 50 kwa bei ya chini kabisa inakula bando la shilingi 101,500; kwa bei ya juu, 467,500. Dola 70 zenyewe hazifiki shilingi 200,000. Bando linaweza kuipita gemu mara mbili!

Diski inabeba mzigo huohuo ikiwa na upana wa sentimita 12. DVD za enzi za PS2 zilisomwa kwa leza nyekundu yenye wimbi la nanomita 650, na tabaka moja lilibeba GB 4.7. Diski za sasa, Blu-ray, hutumia leza ya bluu-zambarau, nanomita 405. Wimbi likiwa fupi, vishimo vya data vinabanwa zaidi, ndiyo maana tabaka moja linabeba GB 25. Tuseme diski ya tabaka mbili, GB 50, imepanda basi Dar es Salaam, ikapita Mbeya, ikaingia njia ya Mbalizi hadi Mkwajuni, safari nzima saa 24. Hiyo ni kasi ya megabiti 4.6 kwa sekunde. Zikiwa diski 50 kwenye boksi moja, ni megabiti 230, na nauli ya mzigo haiongezeki sana.

Tatizo ni kwamba diski siku hizi haijitoshelezi. Ukiichomeka, mashine inadai masasisho ya GB kadhaa, na baadhi ya kadi za Switch 2 ya Nintendo ni ufunguo tu: ndani hamna gemu, lazima ushushe. Hapo mnunuzi analipia kasha na bando kwa pamoja. Faida inayobaki ni kuuza tena. Kadi ya namna hiyo, au diski iliyochezewa msimu mzima, inaweza kupata mteja Tunduma; gemu iliyoshushwa imefungwa kwenye akaunti ya aliyeinunua, na mwenye kibanda akifunga biashara hana cha kumuuzia mtu.