Fedha za Simu na Maduka ya Kariakoo



Kila ukaribiapo msimu wa kuchuma karafuu twapata maombi yale yale: magunia, majamvi na kamba vitoke Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bei ya jumla. Zamani alitumwa mtu kwa chombo, fedha kazifunga kiunoni. Siku hizi fedha hutangulia kwa simu, mzigo ukafuata. Msimu uliopita mwenzetu mmoja alilipia magunia yake mara mbili, naye si mjinga hata kidogo. Ndipo tulipoona yafaa tueleze jambo hili.

Asili yake ni Kenya. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walifanya majaribio Nairobi na Thika, ili watu wenye mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Watu wakaitumia walivyotaka wenyewe: wakapelekeana fedha, na wengine wakaziweka humo kabla ya safari, wakazitoa wafikapo. Wenye kampuni wakatazama, wakaiweka kando habari ya mikopo, na Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa hasa kwa kupeleka fedha nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania.

Sasa, ukipiga namba fupi ya kampuni yako kwa simu ndogo, ile orodha uionayo haimo simuni mwako. Yatoka kwenye mitambo ya kampuni, na njia hukaa wazi kwa muda mchache tu. Mzee anayetafuta miwani yake, au aliyefika mwenyewe akasimama Mtaa wa Msimbazi huku mikokoteni yampita ubavuni, hukatikiwa kabla hajamaliza. Mwenzetu alikatikiwa mara tu baada ya kutia namba ya siri. Akadhani fedha hazikwenda, akaanza upya. Kumbe za kwanza zilikwisha kwenda. Ujumbe ndio uliochelewa. Mwenye duka, Mungu amlipe, alizirudisha, lakini siku kadhaa zilipita na wachumaji wakingoja ujira wao. Kwa maoni yetu kosa si lake peke yake. Chombo kisichomwambia mtu kimefanya nini ni kama mizani isiyo na mshale.

Basi orodha ikikatika, usirudie. Tazama salio kwanza.

Tena kuna jina. Kabla hujatia namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea, lisome. Kariakoo duka laweza kuitwa hivi na laini ikaandikishwa kwa jina la karani au la mtoto wa ndugu. Muulize mwenye duka mapema ni jina gani litatokea, au umwombe lipa namba ya duka lenyewe. Habari ya laini za kampuni mbalimbali isikutishe: kampuni zilianza kuunganisha huduma hizi mwaka 2014, na Vodacom ikaingia 2016.

(Muuza kamba wetu mmoja hutubipu mara moja, maana yake mzigo uko bandarini. Utaratibu huo hakuna kampuni iliyoubuni, nao haujatukosesha bado.)

Asiyeona herufi ndogo na aje ofisini asubuhi. Tutamsomea jina na kiasi. Namba ya siri ataitia mwenyewe, nasi tutageuza uso.

Katibu